Mshiko wa Fimbo ya Kuvulia: Maswali ya Wasomaji na Majibu ya Fundi

Barua za mwezi huu zimekuja kutoka pande mbalimbali, lakini nne kati yake zinauliza jambo linalokaribiana: mtu anayejengewa fimbo yake mwenyewe ya kuvulia aifunge mshiko wa kitu gani. Tumezijibu kwa pamoja.

Ndugu Fundi, salamu kutoka Watamu. Nimeagiza ufito mtupu wa kaboni, usiofungwa bado mshiko wala pete, wenye urefu wa futi 7 ili nijengewe fimbo ya kurushia chambo bandia, kwa ajili ya kolekole na nguru, nikiwa kwenye boti ndogo karibu na mwamba. Anayenijengea amenipa chaguo tatu za mshiko: kizibo, sponji nyeusi, au bomba jembamba la kaboni lenye sponji ngumu ndani yake. Kaboni ndiyo ghali kuliko zote, naye anasisitiza kwamba ndiyo inayoleta mtikisiko wa samaki hadi mkononi. Je, niilipie? — Msomaji, Watamu

Ndugu yangu, usiilipie, angalau si kwa fimbo ya kazi hiyo. Ni kweli kwamba mshiko wa kaboni ni mwepesi na hauminyiki, na kwa hiyo haumezi mtikisiko kama sponji laini inavyoumeza. Hata hivyo, mtu anayerusha chambo hushika pale rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilipokaa, vidole vikiwa vimeukumbatia mguu wa rili, na mara nyingi kidole kimoja kinagusa mshipi wenyewe. Habari za chini ya maji humfikia kwa njia hiyo, wala si kwa njia ya mshiko wa nyuma ulio chini ya kiwiko. Faida anayoieleza fundi wako ina uzito kwa mvuvi wa fimbo nyepesi anayetafuta samaki wanaodonoa kwa hila. Kolekole hadonoi. Akishika, hata walio kwenye boti ya jirani watajua.

Ubaya wa kaboni nao utauona siku ya kwanza. Uso wake unaong'aa huteleza ukipata ute wa samaki, na kwa kuwa ni gamba jembamba tu, likigongwa kwenye ukingo wa boti hupasuka, na halizibiki likarudi kama lilivyokuwa.

Ushauri wangu ni kwamba usichague kitu kimoja kwa mpini mzima. Mpini una sehemu ambazo kazi zake hazifanani. Sehemu ya nyuma huvutwa kwa mkono wa chini wakati wa kurusha, hubanwa kwapani au kiunoni wakati wa kupambana na samaki, na muda uliobaki hukaa ndani ya bomba la kusimamishia fimbo, ikisuguliwa kila boti inaporuka wimbi. Sehemu ya mbele ya rili haiguswi karibu siku nzima, kisha ghafla inabebeshwa mzigo wote, mkono ukiiminya kwa dakika nyingi bila kuiachia. Kitu kinachofaa huku si lazima kifae kule.

Kwa mbele, weka sponji ngumu. Nasema ngumu kwa makusudi, kwa sababu sponji ziitwazo EVA zinatofautiana sana, na ile laini, ya jamii ya ndala za bei nafuu, hubonyea chini ya mkono na kuchosha misuli. Kipime kipande dukani kwa kukibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: alama ikibaki, kirudishe. Iwe nene kidogo kuliko mshiko wa nyuma, kwa maana mkono unaominya kitu chembamba kwa muda mrefu hupata mkakamao wa misuli mapema.

Kwa nyuma ningechagua kizibo kilichovikwa mpira unaonywea kwa joto, na hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Kizibo ni gome la aina ya mwaloni unaoota katika nchi za Mediterania, na Ureno ndiyo inayoongoza kwa kulizalisha. Mti hukaa takriban miaka 25 kabla ya kubanduliwa gome mara ya kwanza, kisha hubanduliwa kila baada ya miaka 9, na gome la awali huwa na mikwaruzo na mashimo mengi hata halifai kwa kazi nzuri. Ndiyo maana pete za kizibo zisizo na mashimo ni adimu na zina bei kubwa. Wauzaji wengi huyaziba mashimo kwa vumbi la kizibo lililochanganywa na gundi, wakayasugua kwa msasa, na pete ikapendeza machoni. Baada ya miezi kadhaa ya jua na maji ya chumvi viraka hivyo huanza kubanduka, na mashimo yakabaki wazi. Majina ya madaraja wanayotumia wauzaji nayo hayana kipimo kimoja, hivyo daraja la juu la huyu linaweza kuwa la kati kwa mwingine. Izungushe pete mkononi, tazama ubavu wake, na pale panapoonekana rangi iliyokolea isiyo na punje za gome, chokoa kidogo kwa ncha ya sindano. Kiraka humomonyoka, gome halisi halimomonyoki.

Sasa, ukikivika kizibo mpira, huhitaji tena pete za bei kubwa. Pete za kawaida zenye mashimo yake, zikiunganishwa vizuri na kusuguliwa zikawa sawa, hubeba mpira bila tatizo lolote, na mpira wenye michoro ya msalaba hushikika hata ukiwa na ute. Unapata wepesi wa kizibo ndani na uimara wa mpira nje. Mwisho kabisa wa mpini weka kofia ya mpira au pete ya kizibo cha mchanganyiko, kile chenye punje nyeusi kilichoshindiliwa, kwa sababu kizibo cha kawaida huliwa na bomba la boti.

Kuhusu vipimo, usikubali kupimiwa kwa macho. Chukua mpini wa ufagio, uzungushie tepu ya karatasi mpaka ncha za vidole zikaribie kugusa shina la kidole gumba bila kulifikia, kisha pima mzunguko kwa uzi na umpelekee fundi uzi huo. Kwa urefu, shika mahali rili itakapokaa na uelekeze fimbo mbele: kwa chambo vizito kama vya kolekole mpini ukufikie kwapani, wakati kwa fimbo nyepesi inatosha upite kiwiko kidogo. Mweleze pia aukwaruze ufito kwa msasa mwembamba pale gundi itakapokaa, aufute kwa spiriti, na atumie gundi ya epoksi inayokauka polepole. Ile ya dakika tano ni ya kubandikia vikombe.

Ndugu Fundi, naandika kutoka Muscat. Fimbo yangu ya kuvulia jodari ina mshiko wa sponji, nyuma na mbele ya rili. Siku hizi sponji inang'aa kama iliyopakwa nta na inateleza ikishikwa na mikono yenye ute. Naweza kuivika ule mpira unaonywea bila kuibomoa fimbo? — Msomaji, Muscat

Nyuma unaweza, mbele kwa kawaida huwezi. Mpira huo huja ukiwa bomba pana ambalo lazima livishwe likiwa baridi na kupita juu ya kila kilichopo njiani. Kwa upande wa nyuma njiani kuna kofia ya mwisho tu, ambayo huvuliwa. Kwa upande wa mbele kuna pete zote za kupitishia mshipi, na ile ya kwanza karibu na rili ndiyo kubwa kuliko zote. Bomba pana kiasi cha kuipita aghalabu halitanywea kiasi cha kuubana mshiko. Anayetaka mpira mbele ya rili aliamue hilo kabla pete hazijafungwa.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kwanza msasa namba 220. Jua kali la huko, pamoja na kushikwashikwa kwa mikono yenye mafuta ya kujikinga na jua, huikausha sponji ngozi ya juu na kuilaza. Sugua taratibu kwa kuzunguka, wala usisugue kwa urefu, hadi mng'ao uondoke, kisha osha kwa sabuni na maji baridi. Ikiwa sponji haijabonyea, mshiko wa mbele utapona kwa njia hiyo hiyo.

Kwa nyuma, chagua bomba linalopita pale mshiko ulipo mnene zaidi na ambalo, likinywea kabisa, huwa jembamba kuliko pale ulipo mwembamba zaidi. Muuzaji makini hukutajia vipimo vyote viwili. Likate likiwa na ziada ya sentimita chache, kwa sababu hufupika kidogo. Joto lianzie katikati na kwenda kwenye ncha, ili hewa isukumwe nje badala ya kunaswa ndani ikafanya malengelenge. Kifaa cha kupuliza hewa ya moto kisikae mahali pamoja hata kidogo: sponji hulainika kwa joto na hubonyea, na gundi iliyoshika kikalio cha rili, yaani pale rili inapofungwa, nayo hulegea ikipata moto, kwa hiyo kifunge kikalio kwa kitambaa kilicholoa maji. Usiukate ukingo wa mpira kabla haujapoa. Ukishapoa, zungusha tepu kama rula, kata kwa wembe mpya, kisha fungia uzi juu ya ukingo na upake epoksi, la sivyo chumvi itapenya chini yake.

Ndugu Fundi, hapa Mtwara mpingo haukosekani, na ndugu yangu ni mkerezaji. Nimewaza tukereze mpini mzima wa mpingo kwa fimbo ya kuvulia pwani. Unasemaje? — Msomaji, Mtwara

Dada, wazo ni zuri kwa macho na baya kwa mabega. Mpingo ni mzito hata ukitupwa majini huzama, na mpini mzima wa mti huo utaifanya fimbo ielemee nyuma, wewe ukiibeba tangu maji yanapoanza kujaa hadi yanapokupwa. Ukisuguliwa vizuri pia huwa laini mno kwa mkono uliolowa. Tena kuutoboa katikati, kwa tundu refu linalofuata ufito unaopungua unene, ni kazi itakayomtoa jasho hata mkerezaji hodari.

Hata hivyo msiuache. Kerezeni pete nyembamba za mpingo, milimita tano au sita, mziweke kati ya pete za kizibo au pale mshiko unapokutana na kikalio cha rili. Weusi wake kando ya kizibo unapendeza kuliko plastiki yoyote. Mti huu una mafuta, kwa hiyo ufuteni kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, na ndugu yako avae barakoa, maana vumbi lake huwasha ngozi na koo. Iwapo mna nia ya kuwauzia wageni wanaosafiri, ulizeni kwanza ofisi ya misitu kuhusu vibali, kwa kuwa mpingo na karibu jamii yake yote ya Dalbergia imo tangu mwaka 2017 katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

Ndugu Fundi, najengewa fimbo ya kukokotea chambo nyuma ya boti kwa ajili ya nduwaro. Nimeambiwa mpini wake usiwe na mshiko wowote nyuma, uwe bomba la alumini tu. Je, ni sawa? Na urefu wake una kanuni? — Msomaji, Malindi

Ni sawa. Sehemu hiyo haishikwi: imo ndani ya bomba la boti, kwenye kiti au kwenye mkanda wa kiunoni, na kizibo au sponji ingeng'olewa mapema. Hakikisha tu mwisho wake una kofia ya chuma yenye ufa wa msalaba unaoingia kwenye pini iliyomo ndani ya bomba au mkanda, ili fimbo isizunguke. Fedha ya mshiko iweke mbele ya rili, sponji ngumu, ndefu na nene, au mpira.

Kuhusu urefu, kama unataka samaki wako akubalike katika rekodi za IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, mpini usizidi inchi 27, yaani sentimita 68.58, na sehemu ya mbele isipungue inchi 40, yaani sentimita 101.6. Vyote viwili hupimwa kuanzia chini ya katikati ya rili, na mpini uliopinda hupimwa kwa mstari ulionyooka. Kanuni hiyo haizihusu fimbo za kurushia kutoka ufukweni. Vipimo hivyo vichukuliwe rili ikiwa imefungwa mahali pake kwa tepu, kabla ya gundi, kwa sababu kikalio kilichokwisha kushikwa na epoksi hakitoki ila kwa msumeno.