Muulize Shangazi: Binti anatimiza kumi, anataka safari na sisi tu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata. Binti yangu mkubwa anatimiza miaka kumi Agosti 8, siku yenyewe ya Nanenane. Baba yake anataka tumfanyie pati ukumbini, MC, keki ya ghorofa tatu na ukoo mzima, lakini tulipomuuliza mwenyewe akasema hataki pati, anataka asafiri na mimi na baba yake tu, wadogo zake wabaki. Nilikosa la kusema. Wadogo zake wana miaka saba na mitatu, wa saba ameshaanza kulia, na bibi yao anasema tunabagua watoto. Tumejipanga na laki sita. Tumpeleke wapi, na hao wengine tuwaambieje? – Mama wa Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpelekeni, na hiyo pati iacheni kabisa. Mtoto wa kwanza alikuwa na nyie wawili peke yake kwa muda mfupi tu alafu wadogo wakaanza kuja, na toka hapo kila siku anaambiwa we mkubwa, muachie mwenzio, kamchukulie mdogo wako maji. Hajalalamika. Sasa kaulizwa anataka nini akajibu wazi bila kuzunguka, yaani hapo mkimletea MC mtakuwa mmemjibu kwamba hamkumsikia. Mwambie baba yake hivyohivyo, kwa upole, wakati mko wawili, maana naona nae nia yake ni nzuri tu ila anawafikiria wageni kuliko mwenye siku yake.

Kwa laki sita mi ningewapeleka Mikumi, kwenye hifadhi ya wanyama, kupitia Morogoro kwa treni ya umeme ya SGR. Kuna watoto wengi hapo Dar wanaiona kwenye simu tu hawajawahi kuipanda, na kwa mtoto wa miaka kumi treni yenyewe ni nusu ya zawadi. Safari za Dar kwenda Moro zilianza Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 13,000 na mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu, kwahiyo nyie watatu kwenda ni kama 32,500, angalieni tu kama haijabadilika mnapokata tiketi. Wahini kukata, za wikiendi zinaisha haraka. Mbebe vitambulisho na kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mfike stesheni mapema kwasababu mizigo inakaguliwa. Mkalisheni dirishani. Ikishapita Ngerengere mwonyesheni safu ya Uluguru inavyoanza kujitokeza, na simu zenu muda huo ziwe kwenye pochi.

Lakini msiende Nanenane yenyewe! Najua ni sikukuu na shule zimefungwa na ndo siku yake, ila Morogoro wiki hiyo kuna maonyesho ya wakulima, watu wanatoka mikoa yote ya kanda kuja pale, gesti zinajaa na bei zinapanda. Siku yenyewe mkatieni keki ndogo nyumbani na wadogo zake, waimbe wote wapakane krimu, alafu wikiendi inayofuata ndo muondoke. Mtoto hajali tarehe kama sisi tunavyodhani, anajali ahadi itimie. Mwandikieni kwenye kalenda ya ukutani aione.

Stesheni ya SGR Moro iko Kihonda, mtachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, pale mabasi na kosta za kwenda upande wa Mikumi hazikosi. Hapa ndipo napapenda mimi, kwasababu barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita 50 hivi, kwahiyo mkiwa bado ndani ya basi anaweza kuanza kuona swala na nyani pembeni ya lami, pengine twiga kasimama anatafuna juu ya mti hana habari na mtu. Mahali hapo madereva wanapunguza mwendo, kuna matuta na kuna faini kwa anayemgonga mnyama, na kila mnyama ana bei yake, zimeandikwa kwenye kibao, mwambieni binti akisome. Mlale Mikumi mjini, kuna gesti za bei ya kawaida tu, muombe chumba chenye kitanda cha ziada mlale wote watatu pamoja. Nasema hivyo makusudi, kuna maneno mtoto anayasema taa ikishazimwa ambayo mchana humtoi.

Asubuhi muingie hifadhini mapema kabla jua halijawa kali. Kiingilio kwa Mtanzania hakiumizi, na mtoto analipa kidogo kuliko mkubwa. Kitakachokula hela yenu ni gari, kwasababu kule ndani hamuendi kwa miguu, lazima mkodi. Muulizeni dereva kabla hamjapanda: bei ni ya masaa mangapi, mafuta yamo, na kiingilio cha gari nani analipa. Msione aibu kuuliza, wengi wanaharibiwa siku na hesabu za mwisho wa safari. Muende uwanda wa Mkata ambako ni kweupe, pundamilia na nyumbu unawaona kwa mbali, na bwawa la viboko haliko mbali na lango. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani maana mbung'o wanazifuata rangi hizo, na mbung'o akiuma mtoto mtasikia kelele. Agosti ni kiangazi, barabara za ndani zinapitika, na wanyama wanasogea kwenye maji.

Kitu kingine, mpeni binti maamuzi mawili matatu ya kwake kabisa. Achague wapi mle usiku, achague nani akae mbele na dereva. Na baba yake, kama ni mtu wa kupigiwa simu na kazini, aage kabisa Ijumaa. Picha pigeni, ila msimsimamishe kila dakika kwa ajili ya statasi, mkirudi mtaweka.

Kuhusu wadogo. Kwa wa miaka saba msimdanganye kwamba mnaenda hospitali au msibani, atajua tu na atawakumbusha mpaka anaoa. Mkalisheni mwambieni, dada anatimiza kumi, kwenye nyumba hii anayetimiza kumi anaenda safari na baba na mama peke yake, na wewe ukifika kumi utachagua yako. Basi. Alie, mbembelezeni, lakini msibadilishe uamuzi kwa kilio. Na kuanzia hapo mmejifunga, wa saba na wa mitatu lazima nao wapate ya kwao, hata kama mwaka huo hela ni ndogo na safari ni ya Bagamoyo kwenda na kurudi. Msipotimiza kwa hao ndo bibi atakuwa sahihi. Bibi mwenyewe muendee vizuri, muombe akae na wajukuu hizo siku mbili, mpeni hela kidogo awapikie wanachokipenda. Akishakuwa sehemu ya mpango maneno yatapungua.

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Mombasa, kijana wangu yuwatimiza miaka kumi na tatu na ataka twende Nairobi na treni, mimi na mamake sote wawili. Shida ni kuwa tumeachana miaka mingi. Itafaa? – Baba Kijana

JIBU: Marahaba baba. Itafaa kama nyie wawili mnaweza kukaa meza moja mkala bila kurushiana maneno. Kama hamuwezi, usijilazimishe, mtoto atayameza yote na siku yake itaharibika. Ongea na mamake kwanza, kijana asiwepo. Vyumba viwili, kila mtu analipa chake, na mkubaliane mada za kesi na pesa za matumizi haziingii safarini. Alafu mwambieni kijana mapema, wote wawili kwa pamoja, kwamba mnasafiri nae kwasababu mnampenda na sio kwamba mnarudiana, kwasababu hilo ndo huenda analolitarajia moyoni na hajawaambia. Kwa umri huo atalipa nauli ya mtu mzima. Treni ya asubuhi ni bora, kati ya Voi na Mtito Andei inapita hifadhi ya Tsavo mchana kweupe na ndovu wanaonekana wakiwa wamejaa ule udongo mwekundu. Mamake akikataa, nenda wewe nae, na umuombe mamake ampeleke mahali pengine siku yake.