Maswali ya Fedha za Nyumbani: Deni Halijaisha, Dharura Nayo Imebisha Hodi

Nina mikopo mitatu. Kila nikianza kulipa zaidi ya rejesho la mwezi, kitu nyumbani kinaharibika au mtu anaugua, nami narudi kukopa. Nianze na akiba au nimalize madeni kwanza?
*Msomaji aliyechoka kukopa*

Anza na akiba ndogo, kisha elekeza nguvu zote kwenye madeni. Lenga matumizi ya lazima ya mwezi mmoja: chakula, kodi ya nyumba, umeme, maji, nauli na dawa. Kama kiasi hicho kiko mbali mno, angalia ni dharura gani iliyokugharimu zaidi mwaka uliopita, ufanye gharama yake iwe lengo la kwanza. Wakati unakusanya, lipa rejesho la kawaida la kila mkopo bila kuruka hata moja.

Wako watakaokuambia kuwa hesabu inakataa, kwa sababu akiba inazaa kidogo na deni linakula kingi. Ni kweli, mpaka siku friji itakapozima. Mkopo wa haraka ndio mara nyingi wenye riba kali kuliko yote. Ukikopa 100 kwa asilimia 10 kwa mwezi, baada ya mwezi unadaiwa 110. Ukishindwa kulipa na deni likawa linasogezwa mbele pamoja na riba yake, baada ya miezi 12 limefika takriban 314, na hapo hatujagusa faini.

Fedha hiyo iwe kwenye akaunti tofauti na ile unayofanyia manunuzi, lakini uweze kuitoa siku hiyohiyo. Akaunti inayofunga fedha kwa miezi 6 haifai kwa kazi hii, hata kama riba yake inavutia.

Sasa tuje kwenye hicho "kitu" kinachoharibika kila mara. Chukua taarifa ya akaunti ya miezi 12 iliyopita, uandike kila gharama iliyokushtua. Tunathubutu kusema nyingi kati ya hizo hazikuwa dharura. Ada ya shule ina tarehe. Bima ya gari ina tarehe. Matairi huchakaa, na mwenye gari anayaona yakichakaa. Gharama za aina hii hazipaswi kugusa akiba ya dharura. Zinahitaji mfuko wao.

Makosa hutokea kwenye kugawanya. Wengi huchukua gharama ya mwaka, wakagawa kwa 12, halafu wanashangaa siku ikifika hazitoshi. Gawa kwa miezi iliyobaki. Tuseme ada ni 600 na imebaki miezi 5: weka 120 kila mwezi. Bima ni 360 na imebaki miezi 9: weka 40. Matairi ni 240 na yanaweza kusubiri miezi 12: weka 20. Jumla ni 180 kwa mwezi. Hiyo inauma, lakini ni mzunguko wa kwanza tu. Kila gharama ikishalipwa, inayofuata iko mwaka mzima mbele, hivyo ada inashuka hadi 50 kwa mwezi na bima hadi 30. Ukijumlisha na 20 ya matairi unapata 100. Tofauti ya 80 ihamishie kwenye deni mara moja, kabla nyumba haijaizoea.

Kati ya madeni yangu, moja lina riba ya asilimia 10 kwa mwaka na jingine asilimia 15. Naona nianze na la 15. Niko sahihi?
*Mtumishi wa ofisini*

Huenda uko sahihi, huenda umekosea kabisa. Asilimia peke yake haitoshi. Uliza riba inakokotolewa kwenye nini.

Chukua mkopo wa 1,200 wa miezi 12. Wa kwanza ni asilimia 10 inayokokotolewa kwenye mkopo wote wa mwanzo, hata baada ya kulipa nusu yake. Riba ni 120, na kila mwezi unalipa 110. Wa pili ni asilimia 15 inayokokotolewa kwenye salio lililobaki. Rejesho ni takriban 108, na riba yote kwa mwaka ni kama 100. Kwa hiyo ule wa "asilimia 10" ndio ghali. Ukiugeuza uwe wa kukokotolewa kwenye salio, unakaribia asilimia 18. Ongeza ada ya kushughulikia mkopo, ambayo baadhi ya wakopeshaji huikata kabla hujapewa fedha: umesaini 1,200, umepokea 1,150, lakini riba unalipa ya 1,200.

Kwa kila deni, andika salio, riba kwa mwezi na jinsi inavyokokotolewa, rejesho, tarehe, na faini ya kuchelewa. Ziada yote ielekeze kwenye lile ambalo kila 100 ya salio inakugharimu zaidi kwa mwezi. Likiisha, rejesho lake lote lihamie kwa linalofuata. Wako wanaopenda kuanza na deni dogo ili wapate moyo. Si vibaya kama tofauti ya riba ni ndogo. Tofauti ikiwa kubwa, moyo huo unaununua kwa bei mbaya.

Kabla ya kulipa ziada, soma mkataba. Ile riba ya kwenye mkopo wote mara nyingi haipungui hata ukimaliza mapema, na mikataba mingine ina adhabu ya kumaliza mapema. Pia mwandikie mkopeshaji kwamba ziada ipunguze salio la mkopo. Usiposema, anaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililolipwa mapema, na riba ikabaki ileile. Mwezi unaofuata omba taarifa ya mkopo uhakikishe salio limeshuka.

Mkopeshaji yuko tayari kunipunguzia rejesho kwa kurefusha muda. Nikubali?
*Baba wa watoto wawili*

Kama bila hivyo utashindwa kulipa, kubali. Kama unataka tu kupumua, piga hesabu kwanza. Mkopo wa 1,200 kwa asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio, ukilipwa kwa miezi 12, rejesho ni kama 113 na riba yote 162. Kwa miezi 24 rejesho linashuka hadi kama 63, ila riba inafika takriban 323, yaani karibu mara mbili. Uliza kama unaruhusiwa kulipa ziada bila adhabu. Ukiruhusiwa, chukua muda mrefu, lakini mwezi wenye nafuu lipa kiwango cha zamani. Na hakikisha hawajakuongezea mkopo mpya juu yake. Mazungumzo ya kurefusha muda ndipo hilo hupenyezwa.

Mwezi huu fedha hazitoshi kwa wote. Nani asubiri?
*Msomaji, kwa haraka*

Chakula, makazi, dawa, umeme na nauli ya kwenda kazini havisubiri. Baada ya hapo, lipa deni lenye dhamana unayoweza kunyang'anywa, kama nyumba au chombo unachofanyia kazi, na lile lenye mdhamini, kwa sababu ukikwama atafuatwa yeye. Mikopo isiyo na dhamana ifuate. Ndugu aliyekukopesha bila riba ndiye wa kuombwa asubiri, lakini mpigie wewe, umpe tarehe na kiasi.

Wengine wapigie simu kabla ya siku ya rejesho, maana faini ikishaingia unakuwa unaomba kufutiwa badala ya kuomba muda. Taja kiasi unachoweza kweli: "Tarehe 5 nitalipa 40, tarehe 20 nitalipa 70." Wakikubali, omba wakutumie maandishi yanayosema pia kama faini itasimama katika kipindi hicho. Kama malipo yanakatwa moja kwa moja kwenye akaunti, waombe wabadili tarehe ya makato. Yakijaribiwa na akaunti ikawa tupu, benki yako nayo inaweza kukutoza.