Mimi Sikukikubali Kipara, Nilikataliwa Nywele

Jumapili iliyopita nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, meseji ikaingia. Kijana wa Singida, miaka 27. "Shikamoo kaka. Nakufuatilia sana. Nywele zinaniacha mbele, nikivua kapelo ofisini wananiita mzee. Nimepata mkopo wa saccos, milioni nane, nataka niende Uturuki nikapandikize. Au nijikubali tu kama wewe?"

Kama wewe. Nilikaa na maneno hayo mawili mpaka chai ikapoa.

Wanaonijua kwa kazi yangu ya ushereheshaji hapa Dodoma wanakijua kipara changu kuliko jina langu. Nikishika maiki nasema "Mbukwenyi!", halafu nawaambia wageni umeme ukikatika wasiwe na wasiwasi, mimi nipo. Ukumbi unacheka. Basi watu wamejiwekea kwamba huyu bwana alishamalizana na kichwa chake zamani. Mwaka wa pili huu napokea sifa za kujikubali na sijawahi kumsahihisha mtu, kwa sababu sifa ni tamu. Leo nasahihisha. Sikujikubali. Hela nilikuwa nazo, kishika nafasi nilishatuma Istanbul, na muda huu ningekuwa na nywele kama si daktari mmoja kuniambia nivue shati.

Zilianza kuondoka nikiwa na miaka 29, pembeni za paji la uso, kushoto na kulia, taratibu. Mtaani wanasema kipara mtu anarithi kwa wajomba. Wajomba zangu wanne wote wana nywele za kugawia watu, kwa hiyo nilijiona salama. Kumbe kinatoka pande zote mbili, na baba yangu sikuwahi kumuona bila barakashia nikajiuliza kwa nini. Nilipaka mafuta ya mnyonyo. Nilipaka maji ya kitunguu mpaka mama watoto akahamia chumba cha watoto. Nilipaka minoxidil, ambayo zamani ilikuwa kidonge cha presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele wasikotaka, ndipo ikageuzwa dawa ya kupaka. Kwangu ilileta manyoya laini kama ya kifaranga. Nikaacha kupaka, nayo yakaondoka. Sina zaidi la kusema hapo.

La kusema ni harusi ya Oktoba ile.

Kinyozi wangu yupo Majengo. Tangu serikali ihamie huku, kwake kila mteja ni mheshimiwa, hata muuza karanga. Siku hiyo akaniambia, "Mheshimiwa, leo una kazi kubwa, ngoja nikuwekee mstari." Akachukua piko, akanipaka pale mbele palipobaki nywele za kuhesabu, akachonga kwa wembe. Nilipojiangalia kwenye kioo nilikuwa na miaka 22. Nilimwachia elfu ishirini nikakataa chenji.

Dodoma ya Oktoba mnaijua. Ukumbi una watu mia nne, feni mbili, moja imekufa. Nimevaa shati jeupe na suti ya bluu niliyoazima kwa shemeji. Nikaingiza maharusi vizuri, nikaruka nao, nikafika kwenye utambulisho wa ndugu upande wa bibi harusi. Nikawa namuita shangazi mkubwa asimame, nikaona watu wa meza za mbele wananiangalia juu ya macho badala ya machoni. Nilidhani ni nzi. Shangazi hakukaa alipotambulishwa. Alitembea hadi nilipo, akafungua mkoba, akatoa leso, akanifuta paji la uso mbele ya kamera. Maiki ilikuwa karibu, wote walisikia: "Mwanangu, unavuja."

Kola ilikuwa na michirizi miwili myeusi mpaka kwenye tai. Shemeji suti hakuipokea tena, alisema nibaki nayo. Na wale jamaa wa video hawakukata kile kipande. Nakijua kwa sababu kilizunguka kwenye stetasi za watu wiki nzima, na kuna mteja mmoja wa mtaa wa Kisasa aliyekuwa ameshanilipa nusu, akanipigia kusema familia imeamua kutumia MC wa ukoo. Mpaka leo nikimuona sokoni napita njia nyingine.

Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma. Nimesoma habari za nywele kuliko nilivyosomea mtihani wa kidato cha nne. Cha kwanza nilichojifunza, na wengi hawakijui, ni kwamba kupandikiza hakuongezi nywele hata moja. Ni kuhamisha. Wanachukua vishina vya kisogoni, kimoja kimoja, kila kishina kina nywele moja hadi nne, wanavipanda mbele. Inawezekana kwa sababu nywele za kisogoni na za juu ya masikio ni wakaidi: ile homoni ya DHT inayonyausha vishina vya utosini haiwashughulishi. Daktari Norman Orentreich wa New York ndiye aliyeonyesha miaka ya 1950 kwamba ukihamisha nywele kaidi, inaenda na ukaidi wake. Inaota mbele kana kwamba bado iko nyuma. Mtu wa Dodoma hapati tabu kuelewa hapo: unachukua pingili kwenye mzabibu mzuri unapanda pengine. Ila pingili unaweza kukata kila mwaka. Kisogo hakioti vishina vipya. Ukimaliza ghala, umemaliza.

Nikawasiliana na kliniki moja ya Istanbul. Sitaitaja. Wakala wao alikuwa ananiita "rafiki yangu" kwa Kiswahili cha kutafsiriwa na simu, anajibu hata saa nane usiku. Akaomba picha nne za kichwa: mbele, juu, kulia, kushoto. Dakika kumi tu akarudi: vipandikizi 3,500, yuro 2,400, hoteli ndani, gari la kukupokea uwanjani ndani. Ukijumlisha tiketi ya ndege ilikuwa inapita milioni tisa. Hela hiyo nilikuwa nayo, ya kuezekea boma langu la Nala. Nikatuma kishika nafasi, yuro 400, zaidi ya shilingi milioni moja. Mama watoto nilimwambia mabati yamepanda bei.

Hiyo nakiri hapa kwa mara ya kwanza. Anasoma hizi makala, kwa hiyo jioni ya leo sijui itakuwaje.

Nilikuwa na vipele kisogoni, vya kunyolewa na mashine, wanaume wengi tunavyo. Nikaona si vizuri kwenda kwa wazungu na vipele. Nikapanda SGR asubuhi kwenda Dar kumuona daktari wa ngozi, mama mtu mzima aliyesomea Moshi, pale KCMC wanapofundishwa madaktari wa ngozi. Nikamwambia nataka dawa ya haraka, nina safari. Akapitisha kidole kisogoni. Akarudia. Akabonyeza kimoja kwa ukucha.

"Hivi ni vigumu. Vina muda gani?"

"Kama miaka mitatu, dokta."

"Safari ya nini?"

Nikamwambia, kwa kujidai kidogo. Hakucheka. Akasema, "Vua shati."

Nilivua nikiwa sielewi kichwa kinahusiana vipi na shati. Akashika bega langu la kulia, pale wote tulipochanjwa tukiwa wachanga. Kovu la wenzangu ni kama alama ya kidole gumba. Langu limevimba, linang'aa, kubwa kama punje ya maharage. Kifuani nina lingine, lilitokana na chunusi ya ujana, nalo limeenea mpaka limeota vidole kama kaa. Nimeishi nayo miaka yote, sijawahi kuyafikiria.

"Baba," akaniambia, "ngozi yako ikishaanza kupona haijui kuacha. Hayo ni makovu ya keloidi. Sasa wewe unataka kwenda kutobolewa matundu elfu tatu na mia tano kisogoni, mahali ambapo mashine ya kinyozi tu imekuachia mawe."

Nikamuuliza kama kila mwenye kovu hilo hupata tatizo. Akasema si kila mmoja, na keloidi kichwani si jambo la kila siku, lakini mimi kisogo changu kimeshaanza kujibu, na yeye hawezi kunipa baraka. Akaniandikia dawa ya kupaka, akaniambia nisinyolewe kwa kugandamiza mashine. Kumuona kulinigharimu elfu arobaini. Wale wa yuro 2,400 hawakuniuliza swali moja kuhusu ngozi. Nilipowaandikia, "rafiki yangu" alisema kishika nafasi hakirudi, ila naweza kumpa ndugu nafasi yangu.

Kwenye treni ya kurudi nilikaa dirishani nikavaa kapelo mpaka puani. Mwanaume mwenye miaka 37 analilia nywele ambazo hajawahi kuwa nazo. Morogoro nilikuwa bado nalia.

Sasa rafiki yangu mmoja, tuko naye kamati nyingi, yeye alienda. Kwingine, si kule kwangu. Ana miaka 44, kipara chake kilikuwa kimesimama muda mrefu, ngozi yake safi. Wiki ya tatu zile zilizopandwa zikapukutika karibu zote, akanipigia usiku anatetemeka, mimi ndiye nikamwambia atulie, ndivyo zinavyofanya, vishina vinabaki chini. Mwezi wa nne zikaanza kuchomoza. Mwaka ulipotimia alikuwa mtu mwingine. Anazo. Nzuri. Kwenye vikao anatoa chanuo cha mbao anachana huku wenzake wanajadili bajeti ya vinywaji. Nimemshangilia hadharani, na nikifika nyumbani nanyamaza. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Sawa. Ila yeye ana zote mbili.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Singida, na nyie wengine mnaoniandikia "bro nijikubali?", sikilizeni. Wanaume wenye vipara wakikuambia jikubali, waulize kwanza kama walikuwa na njia nyingine. Wengi hatukuwa nayo. Wengine hatukuwa na hela, wengine hatukuwa na ngozi, tukageuza kukosa kuwa hekima. Na msituletee habari za kipara ni pesa. Mwaka 2017 huko Msumbiji, jirani zetu hapa, watu wenye vipara waliuawa na wajinga walioaminishwa kwamba kichwani mwao mna dhahabu. Huo utani mimi siucheki tena.

Cha kufanya ni kuvua shati. Simama mbele ya kioo uangalie makovu yako yote, la chanjo, la goti, la sikio ulilotoboa ukiwa mjinga wa chuo. Papasa kisogo. Kama kuna kilichovimba kuliko jeraha lililokileta, tafuta daktari wa ngozi kabla hujatafuta pasipoti.

Halafu umri. Miaka 27 ni mapema. Kipara chako hakijakuambia kinataka kufika wapi. Ukipanda mbele leo, zile za kupandwa zitabaki, za nyuma yake zitaendelea kuondoka, na ukifika 40 utakuwa na kisiwa mbele na bahari katikati, na ghala la kisogoni umeshalitumia. Wapo madaktari wanaoanza na vidonge vya finasteride kuzuia zilizopo zisiondoke. Ni dawa ile ile ya wazee wa tezi dume, miligramu 1 badala ya 5. Inasaidia wengi, ukiacha inaacha, na baadhi ya wanaume inawapunguzia nguvu chumbani. Hiyo ukaongee na daktari, usiongee na duka la dawa la stendi.

Ukiamua kwenda, muulize daktari ameshafanya vichwa vingapi vya watu weusi, akuonyeshe. Nywele zetu hazijipindi juu tu, hata mzizi ndani ya ngozi umepinda kama ndoano. Asiyeujua anatoboa wima, anakata kishina, kinakufa mkononi mwake na wewe umeshakilipia. Picha za Wazungu na Waarabu zisikutoe machozi.

Na mkopo! Kijana, milioni nane ya saccos kwa ajili ya paji la uso? Wadhamini wako wawili wanajua wamesaini nini? Mimi hela zangu mwenyewe zilinikosesha usingizi. Vijana wa siku hizi mnakopa kwa ajili ya picha, na mimi nasema hivi nikiwa na haki ya kusema, kwa sababu nilidanganya kuhusu mabati. Boma la Nala sasa limeezekwa, mabati mekundu ya geji 28. Nyumba ina kofia, mimi bado.

Siku hizi nanyoa mwenyewe kila Ijumaa kwa mashine isiyogusa ngozi, kisogo nakiacha na vinyweleo kidogo ili vipele visirudi. Julai upepo wa huku unapita juu ya kichwa kama maji ya friji. Mchana jua linanichoma, napaka mafuta ya jua ambayo mama watoto anasema ni ya kike.

Yule kijana nilimjibu Jumapili ile ile: nitumie picha ya bega lako la kulia, pale ulipochanjwa. Tiki mbili za bluu zipo. Picha bado.