Stika ya bia kwenye bajaji

Mdau, umeuliza kama dereva wa bajaji wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyebandika nembo ya bia, kumbe ukisogea imeandikwa "Ada ya Mtoto" kwa herufi zilezile za kujikunja, ni sawa na wanaochora mnyama wa Simba kwenye kioo cha nyuma. Sio sawa. Wa Simba ni shabiki, anachora kwa mapenzi (hata wakifungwa). Huyu anamgeuzia mwenye tangazo silaha yake mwenyewe. Jarida la Adbusters, lililoanzishwa Kanada mwaka 1989, ndiyo kazi yake hiyo: yule ngamia wa sigara za Camel walimtoa akiwa hospitalini na dripu, jina wamembatiza Joe Chemo (jina lake halisi ni Joe Camel, na "chemo" ni tiba ya saratani). Ila huyu wetu kanichekesha zaidi.