"Andika bidhaa tu"

Dola 600 nilizihesabu mwenyewe, mezani kwa jirani yangu hapa Katindo, Goma. Yeye alikuwa analeta makala, yaani mkaa wa kupikia, mjini, mimi naweka mtaji, faida tunagawana nusu kwa nusu. Tuliandika karatasi, mashahidi wawili, saini, na dole gumba juu yake. Nilipofika kwenye neno makala akanishika mkono: "Papa, usiandike makala. Andika bidhaa tu." Nikaandika bidhaa. Hapo ndipo ningerudisha pesa zangu mfukoni.

Makala yale yalichomwa ndani ya hifadhi ya Virunga, ambako kukata miti ni marufuku. Gari likakamatwa, magunia yote yakaenda. Nikabeba karatasi yangu ndani ya plastiki mpaka kwa avoka, mwanasheria. Saini hakuziangalia. Aliniuliza, "Hiyo bidhaa ilikuwa nini?" Nikanyamaza.

Sheria yetu ya mikataba hapa Kongo ni ya zamani kuliko babu zetu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 8 kinadai mambo manne: anayejifunga awe amekubali, awe na uwezo wa kisheria, kinachoahidiwa kijulikane, na sababu ya mkataba iwe halali. Sisi tunakimbilia la kwanza, saini, la nne tunaliruka. Kifungu cha 30 kinasema mkataba wenye sababu haramu hauzai kitu. Cha 32 kinaeleza haramu ni ipi: ile iliyokatazwa na sheria, au inayopinga maadili mema au utaratibu wa umma.

Na ujanja wa "bidhaa" haukinusuru chochote. Sababu hata isipoandikwa, inaweza kuthibitishwa mbele ya hakimu, na jirani yangu angekuwa wa kwanza kuisema, ili asinilipe! Mtaji wenyewe pia hakimu anaweza kukataa usirudishwe, maana niliutoa nikijua. Nilijua, ndiyo. Gunia lilikuwa rahisi mno.

Kwa hiyo ukiombwa mtaji, kitaje kitu kwa jina lake kwenye karatasi, na mahali kinapotoka. Mwenzako akikwepa neno moja, uliza kuhusu hilo hilo.

Siku hizi nanunua kwa mama mmoja wa njia ya Sake, anachoma mikaratusi aliyoipanda mwenyewe. Karatasi yetu ina mistari minne, na neno makala limo mara tatu.