Oili ya giaboksi ya oto: kwa anayeanza kushika spana

Magari mengi yanayoingia gereji za Nyakato na Igoma hapa Mwanza siku hizi ni ya oto: IST, Probox, Noah, X-Trail. Anayeanza kazi hujifunza mapema kumwaga oili ya injini, kisha akadhani ya giaboksi ni hivyohivyo. Oili ya injini inaweza kupungua kwa kuungua. Ya giaboksi haina pa kuungulia. Ikipungua, imevuja: kwenye sili za eksili, gasketi ya sampo (bakuli la chini ya giaboksi) au mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Usiongeze tu ukamwacha mteja aondoke. Tafuta inapotokea.

Kupima kwenyewe kunataka tambarare, na Mwanza tambarare ni ya kutafuta. Gari likiinama hata kidogo, dipstiki inadanganya. Kwa Toyota zenye dipstiki, endesha kwanza mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80. Kuwasha tu na kusubiri dakika tano hakutoshi. Vuta hendibreki, kanyaga breki, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta pitisha gia zote kutoka P hadi L, kila moja sekunde chache, urudi P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, kisha usome. Oili iwe ndani ya alama za HOT. Injini inabaki inaunguruma muda wote huo. Honda nyingi ni kinyume: unazima kwanza, ndipo unapima bila kuchelewa. Magari mapya yasiyo na dipstiki hupimwa kwa nati ya kufurikia chini ya giaboksi, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa katika kitabu cha gari, na joto hilo husomwa kwa mashine ya daignosisi. Huna mashine, usikisie.

Kabla ya kufuta dipstiki, iangalie na uinuse. Nyekundu iliyofifia kuwa hudhurungi ni ya kubadilisha. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni pleti za klachi zimeanza kuisha. Pinki nzito kama maziwa yaliyotiwa rangi maana yake maji yameingia, mara nyingi kupitia kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Hapo usimruhusu mteja aendelee kutembea nalo: maji hubandua nyuzi zilizogundishwa kwenye pleti, na kubadilisha oili peke yake hakuponyi kitu kama rejeta ni ileile.

Sasa kumwaga. Weka gari juu ya stendi. Mawe yamejaa mji huu, lakini jiwe si stendi. Linapasuka au linateleza, na wewe uko chini. Acha oili ipoe iwe vuguvugu, maana ya nyuzi 80 inaunguza ngozi. Fungua nati ya kumwagia na ukinge kwa beseni safi. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: pima iliyotoka. Chupa za maji za lita 1.5 zinatosha kwa kazi hiyo. Kwenye IST ya injini ndogo hutoka karibu lita 3, wakati giaboksi nzima ina karibu lita 7, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya torki konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili. Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, kisha upime tena oili ikiwa ya moto. Kama kipimo kilikuwa pungufu tangu mwanzo, ongeza kidogokidogo. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga ikatoa povu, povu halishiki presha, gia zinaanza kuteleza, na oili hutoka kwenye tundu la kupumulia.

Kwa hesabu hiyo, kumwaga mara moja hubadilisha asilimia 43 tu. Ukirudia baada ya kutembea siku kadhaa unafika 67, mara ya tatu 81. Kwa gari lisilojulikana historia yake, njia hii ya polepole ninaiamini kuliko kusukuma oili yote kwa mashine.

Ukishusha sampo, angalia sumaku zake. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida; vipande vinavyokwaruza kidole ni giaboksi inayokufa. Bolti zake ni ndogo, zikaze kwa msalaba bila nguvu nyingi, la sivyo sampo inapinda na gasketi mpya inavuja palepale.

Dukani usiombe “haidroliki nyekundu”. Omba kwa jina lililoandikwa kwenye dipstiki au kitabu: Toyota T-IV si WS, na Nissan ya CVT (oto isiyo na gia za hatua) inataka NS-2 au NS-3, siyo oili ya oto ya kawaida. CVT inategemea mkanda wa chuma ung'ang'anie puli. Oili isiyo yake huuacha uteleze, na giaboksi ndiyo imekwenda.

Kwa magari ya hapa, yanayopanda Bugando na Isamilo kila siku, badilisha kila kilomita 40,000. Mwambie mteja pia asilishikilie gari mlimani kwa mafuta wakati wa foleni, ashike breki. Torki konveta ikizunguka bila gari kwenda, joto lote linaingia kwenye oili. Akiegesha kwenye mteremko, avute hendibreki kwanza, aachie breki gari likae, ndipo aweke P.

Likija gari ambalo tayari linateleza na oili yake ni nyeusi, zungumza na mwenye gari kabla ya kugusa nati. Mweleze kwamba pleti zimeisha, oili mpya haitazirudisha, na huenda likagoma kabisa baada ya kubadilisha. Usipomwambia, gari likigoma kesho yake atasema fundi ndiye aliyeliua. Na likigoma barabarani, lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini: pampu ya oili huzungushwa na injini, injini ikizimwa vyuma vinasagana vikavu. Toyota ndogo zinazovuta kwa mbele zinyanyuliwe mbele. Four-wheel zipakiwe zote juu ya gari la kubebea.