Wameleta Bosi Mgeni? Usikimbilie Uhamiaji

Dada mmoja wa Dar ameniandikia wiki hii. Amekaimu umeneja wa nchi katika kampuni ya kigeni, amefunga hesabu, amepambana na wakaguzi, halafu makao makuu wakamtambulisha bosi mpya: Mkenya. "Kaka, niende Uhamiaji nikawachome?"

Hasira hiyo naijua. Mimi waliniletea kijana kutoka Ulaya, nikamfundisha hata kwa nini bei ya Kariakoo si bei ya Mwanza. Ripoti nilizoandika usiku zikasomwa Johannesburg kwa jina lake. Mpaka leo nikimwona LinkedIn akisifiwa kwa "kulielewa soko la Afrika", nazima simu. Sijamsamehe, na sioni haraka ya kumsamehe.

Lakini Uhamiaji kutakusaidia nini? Mwaka 2018 Sylvia Mulinge, Mkenya, aliteuliwa kuiongoza Vodacom Tanzania, akanyimwa kibali cha kazi. Wapo walioshangilia. Kiti kikaenda kwa Hisham Hendi, naye si Mtanzania. Mwaka 2022 akaja Philip Besiimire, Mganda. Mwaka huohuo Mulinge akakabidhiwa MTN Uganda. Yaani Mganda kaja Dar, Mkenya kaenda Kampala, na sisi wenye nchi tumebaki kuhesabu pasipoti za watu.

Wakenya nao walisubiri. Safaricom iliongozwa na Michael Joseph, kisha Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, ndipo Aprili 2020 akaingia Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kukabidhiwa usukani huo. Na Ndegwa hakuupata kwa kukaa Nairobi akingoja zamu. Alishaongoza Guinness Ghana, Guinness Nigeria, kisha biashara ya Diageo, kampuni ya vinywaji yenye chapa ya Guinness, barani Ulaya. Alirudi nyumbani akiwa ameshabeba faida na hasara za nchi za watu.

Ndiyo maana nilipoambiwa kuna nafasi Lusaka, ofisi ndogo yenye madeni ambayo hakuna aliyeitaka, nilifunga mabegi. Wenzangu walisema nimetupwa. Tukatoka kwenye hasara, na nitalisema hilo bila haya kila nitakapopata nafasi. Ila siku za mwanzo Mzambia mmoja wa mauzo alikuwa ananitazama kikaoni vilevile nilivyomtazama yule kijana wa Ulaya. Alistahili kile kiti, na alijua najua. Nilipoondoka, aliyekikalia ni yeye, kwa sababu niliandika jina lake mapema na kulitetea kila makao makuu walipotaka kuleta "mtu wao".

Sasa, dada, sheria yetu ya 2015 ya ajira za wageni inamtaka mwajiri aandae mpango wa kumrithisha mzawa ujuzi wa huyo mgeni. Nenda rasilimali watu, uliza kama mpango upo na jina lako limo. Uliza kwa maandishi. Halafu omba nchi nyingine. Narudia: omba nchi nyingine! Vijana wetu wanataka ukurugenzi, lakini ukiwatajia Lilongwe wanaanza habari za mchumba na kiwanja cha Kigamboni. Kiwanja hakihami.

Na huyo Mkenya mpokee vizuri, mpe hesabu zote. Ataondoka siku moja, na makao makuu watamuuliza yeye nani anafaa.